Naenda Istanbul na mama mzazi: tule wapi Laleli na Fatih bila kuumizwa bei?

MamaVitenge (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi nauza nguo za kike Kariakoo na mzigo naufuata Istanbul. Kama wengi wetu, nikifika nalala Laleli maana ndiko maduka ya jumla yaliko. Safari ijayo naenda na mama yangu mzazi. Huyu mama ndiye aliyeuza ng'ombe wake nikapata mtaji, na hajawahi kutoka nje ya nchi. Nataka aketi kwenye mgahawa wa Waturuki wenyewe, wa mtaani, ale chakula chao na ahudumiwe kwa heshima yake.

Yanayonitia wasiwasi ni haya. Mama ana sukari na presha, yuko kwenye dawa. Ni mtu wa swala tano, hawezi kula nyama ya mashaka wala kukaa jirani na meza yenye chupa za pombe. Halafu kuna suala la bei. Safari iliyopita niliingia mgahawa mmoja kule kwenye watalii. Kijana wa mlangoni akanikaribisha vizuri kabisa, mara zikaanza kushushwa sahani ndogondogo za saladi na mtindi ambazo sikuagiza. Bili ilipokuja kila kisahani kilikuwa na bei yake, na menyu niliyopewa mwanzoni haikuonyesha bei hata moja. Niliumia sana, nikalipa. Sitaki jambo hilo litokee mama akiwepo, maana najua hatakula tena kwa raha safari nzima.

Nikiwa peke yangu nanunua döner ya mkononi, ile nyama ya kuchoma ndani ya mkate, nakula huku nakimbizana na maduka. Kwa mama haiwezekani. Na Kituruki changu kinaishia "kaç para", ya kuulizia bei ya mzigo. Wenyeji wa kule nisaidieni: tuingie wapi, tuagize nini, tuongee vipi?

MpakiaMarobota

Hongera dada kwa kumkumbuka mama. Ila ushauri wangu usihangaike. Kumkapı na Aksaray, mitaa ya jirani na Laleli, kuna migahawa ya Waafrika wenzetu, utapata wali na samaki wa kukaanga. Mtu mzima tumbo lake halitaki majaribio ugenini, akiharisha huko utafanyaje na mzigo unakusubiri?

MwanafunziFatih

Mkuu hapo juu, siku moja sawa, lakini dada amesema wazi anataka mama ale chakula cha wenyeji. Na chakula cha kila siku cha Waturuki si kigeni kiasi hicho kwa tumbo letu. Ni maharage, wali, biringanya, nyama ya mchuzi, supu ya adesi. Mimi nasoma hapa na nakaa Fatih, mchana nakula hukohuko.

Dada, kwenye vibao tafuta neno *lokanta*, hasa *esnaf lokantası*. Hii ni migahawa ya mafundi na wenye maduka wa mtaa. Chakula kinapikwa asubuhi, kinapangwa kwenye masinia ya chuma juu ya maji ya moto, nyuma ya kioo. Unasimama na mama mbele ya kioo, mnaangalia, mnaonyesha kwa kidole. Mnachokiona ndicho mtakachokula, na hapo ndipo wasiwasi wa lugha unapoisha.

Utakuta *kuru fasulye*, maharage meupe ya nyanya yanayoliwa na wali. Utakuta *karnıyarık*, biringanya iliyopasuliwa katikati ikajazwa nyama ya kusaga, vitunguu na nyanya. *Taze fasulye* ni maharage mabichi na maganda yake, yamepikwa kwa mafuta ya zeituni na huliwa yakiwa yamepoa, kwa hiyo mama asidhani wamempa kiporo. Ukitaka kiasi kidogo sema "az", wanakupakulia nusu na bei inashuka. Kwa njia hiyo anaonja vitu vitatu bila kushindiliwa sahani moja kubwa.

Nendeni kati ya saa 6 na saa 8 mchana. Lokanta nzuri ikifika saa 10 jioni masinia yameshafagiliwa, na ile ambayo bado imejaa usiku mimi siingii.

Kuhusu nyama mpe mama amani. Nguruwe kwao huitwa *domuz* na lokanta za mtaani haziipiki. Ng'ombe ni *dana*, kondoo ni *kuzu*, kuku ni *tavuk*. Pombe nayo, Fatih migahawa mingi haiuzi kabisa. Pameandikwa *meyhane* au *birahane*, piteni. Pameandikwa *ocakbaşı*, yaani pa kukaa kando ya jiko la kuchomea nyama, ulizeni kwanza, maana baadhi wanauza rakı, pombe yao kali. Na mkiona *aile salonu*, huo ni ukumbi wa familia, mara nyingi uko ghorofani. Mama akichoka na macho ya watu pandeni huko.

NesiWaZamu

Naongezea upande wa afya, ila daktari wake ndiye mwenye neno la mwisho.

Meza ya Kituruki haikosi kikapu cha mkate mweupe, na mkiumaliza wanaongeza bila kuombwa. Ukija na wali tena, wanga umekuwa mara mbili. Achague kimoja. Pakiwepo *bulgur pilavı*, wa ngano iliyovunjwavunjwa, achukue huo badala ya wali mweupe. Supu ya adesi (*mercimek çorbası*) ni mwanzo mzuri, akamulie limau.

Chai yao haimpi shida. Inakuja ya rangi kwenye kiglasi kidogo chenye kiuno, na vidonge viwili vya sukari vimewekwa pembeni kwenye kisahani. Aviache hapohapo. Kahawa ndiyo ya kuangalia, kwa sababu sukari inapikwa ndani ya kahawa yenyewe. Kabla haijapikwa sema "sade", maana yake bila sukari. Ikishaletwa tamu huwezi kuitoa.

Kwa presha, jihadharini na vitu vya chumvi vinavyoonekana kama kiburudisho: *ayran*, ule mtindi wa kunywa, unatiwa chumvi. *Şalgam*, kile kinywaji chekundu cha karoti nyeusi, kina chumvi zaidi. Achari zao vilevile. Anywe maji.

La mwisho, na hili nalisisitiza: kama dawa zake ni za kushusha sukari, msizunguke Soko Kuu (Grand Bazaar) mpaka saa 9 mkitafuta mgahawa mzuri wakati hajala. Sukari ikishuka ghafla ni hatari kuliko mkate. Apange muda wa kula, abebe kitu kidogo kwenye pochi, na dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi ndani ya ndege, zisiende kwenye begi la chini.

MvitaKwetu

Asalaam aleikum. Dada, mimi ni wa Mombasa na Istanbul naijua kwa sababu ya biashara. Mpeleke mama Kadınlar Pazarı. Ni uwanja huko Fatih, karibu na lile daraja la mawe lililokuwa likileta maji mjini tangu enzi za Warumi, Bozdoğan Kemeri. Wenye maduka pale wengi asili yao ni Siirt, kusini mashariki mwa Uturuki, na wamekuja na mapishi ya kwao.

Agiza *büryan*. Kondoo huning'inizwa ndani ya shimo lenye makaa, linafunikwa, nyama inaiva kwa joto lile. Asubuhi utaiona imetundikwa dirishani. Mkataji anashusha kipande, anakikata vipande vidogo juu ya gogo, anavilaza juu ya mkate bapa wa moto ili mafuta yaingie kwenye mkate. Kwa hali ya mama mwambie "yağsız", akuchagulie pasipo na mafuta. Pia kuna *perde pilavı*, wali wa kuku na lozi uliofunikwa kwa unga mwembamba ukaokwa. Mmoja unawatosha wawili.

Na kama mama ni mpenzi wa makongoro, kuna *kelle paça*, supu ya kichwa na miguu. Wanaileta na siki yenye kitunguu saumu pembeni, unatia mwenyewe. Maduka ya supu mengi yako wazi hadi usiku wa manane.

Mkimaliza, kijana atakuja na chupa. Mama akinge viganja. Ni *kolonya*, manukato ya limau ya kupangusia mikono. Mamangu alipomiminiwa mara ya kwanza alifurahi kuliko chakula chenyewe. Wale watu wana adabu kwa wazee, nakuhakikishia. Atavutiwa kiti, ataitwa *teyze*, yaani mama mdogo, na chai mara nyingi italetwa bila kuandikwa.

MamaVitenge

Mungu awabariki nyote, nimeandika kila kitu kwenye daftari. Sasa hapo kwenye "bila kuandikwa" ndipo nataka kuelewa. Visahani vya bure vipo kweli, au ndiyo vile vilivyonikuta?

MzeeWaKontena

Vyote viwili vipo, dada, ndiyo maana watu wanachanganyikiwa. Mgahawa wa kebabu wa mtaani, ukiagiza nyama, kwa kawaida unaletewa saladi, pilipili ya nyanya iliyosagwa na mkate wa moto bila malipo. Wanaita *ikram*, takrima ya nyumba. Migahawa ya samaki na ya wanywaji inaleta sinia la *meze*, visahani vya vitafunio, uchague, na hizo ni za kulipia. Kabla hujagusa kisahani uliza: "İkram mı?" Akisema hapana na huhitaji, mwambie "İstemiyoruz, sağ olun." Atarudisha bila kinyongo.

Bei kwa sheria yao zinatakiwa zionekane mlangoni kabla hujaingia. Zisome ukiwa nje. Pasipo na bei, au palipo na mtu wa kukuvuta mkono barabarani, geukeni. Lokanta iliyojaa mafundi haina muda wa kumvuta mtu. Samaki wa Kumkapı mara nyingi huuzwa kwa kilo, kwa hiyo apimwe na bei itajwe kabla hajaingia motoni.

Mkimaliza sema "Hesap lütfen." Soma bili mstari kwa mstari. Maji ya chupa yaliyokuwa mezani utayaona, hayo ni halali yao.  Kwa bakshishi, lokanta unaacha chenji, mgahawa wa kebabu hata asilimia 10 inapendeza. Si lazima. Lipa kwa lira, usitoe dola. Ukilipa kwa kadi na mashine ikakuuliza lira au pesa ya kwenu, chagua lira, ile nyingine wanakubadilishia kwa kiwango kibaya.

MpakiaMarobota

Nimesoma, nimekubali sehemu. Lakini dada, acha siku moja ya kwenda Kumkapı kwa Waafrika. Ugenini mtu mzima anafurahi kusikia habari za kwao pia, siyo chakula tu.

MamaVitenge

Nimekuelewa kaka, siku hiyo ipo. Swali la mwisho wakuu: tunatua Jumamosi usiku, kwa hiyo mlo wetu wa kwanza ni Jumapili. Lokanta zitakuwa wazi?

MwanafunziFatih

Nyingi za wafanyakazi hufunga Jumapili, maana wateja wao hawapo. Jumapili anzeni na Kadınlar Pazarı kama alivyosema ndugu wa Mombasa, wahini asubuhi, büryan nzuri haifiki jioni. Au pandeni kwenye Msikiti wa Süleymaniye. Mama atasali, kisha mtaa ulio mkabala na msikiti una migahawa ya maharage na wali iliyopangana mstari mmoja. Kutoka Laleli si mbali ila kuna mlima, chukueni teksi. Jumatatu ndiyo muingie lokanta.

Na hii inakili kwenye simu, umwonyeshe mhudumu: "Annemin şekeri ve tansiyonu var. Tuzu az olan hangisi?" Unamwambia mama ana sukari na presha, na unauliza kipi kina chumvi kidogo. Chakula kimeshapikwa, hawezi kupunguza chumvi, lakini atakuonyesha sinia la kupakua.