Naomba ushauri: mnaombaje wakati maneno hayaji?

Bwana asifiwe wapendwa. Niko Likoni, Mombasa. Tangu mume wangu asimamishwe kazi ya kupakua mizigo, kodi ya nyumba imelimbikizana na maombi yamenikauka. Nimefunga, nimekesha na akina mama wa kanisa, mchungaji naye amekuja nyumbani. Wengi huniambia nishukuru tu (rahisi kusema ukiwa umeshalipa kodi). Kilichonigusa ni Zaburi 88, ile inayoishia gizani, na Warumi 8:26, kwamba Roho hutuombea tusipojua kuomba itupasavyo. Lakini nikipiga magoti, kimya.

Mliopitia hali hii, mliombaje kila siku? Na je, niendelee kuongoza sifa Jumapili, au nipumzike kwanza hata wakisema nimerudi nyuma kiimani?