Naomba ushauri: karakana ya marehemu baba yetu, Katwe

Habari zenu ndugu. Mzee wetu, fundi wa vyuma hapa Katwe, Kampala, ametutoka. Mageti, madirisha, majiko ya mkaa, yote alitengeneza. Jumamosi alikuwa akifunga mapema aje kukagua madaftari yetu ya shule, vidole vimeungua kwa cheche, akigeuza kurasa kwa kiganja asizichafue. Karo ilitoka kwenye mashine ile ile ya kuchomelea ambayo sasa inatugombanisha.

Kaka anataka karakana iuzwe hata kabla matanga hayajaisha. Mimi naona vijana aliowafundisha waendelee nayo, watulipe kidogo kidogo, maana kuna wateja walioshatanguliza pesa za mageti. (Hao wateja kaka hawataji kabisa.) Mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa wetu) anasema tusiuze kitu mpaka tupate cheti cha kutopinga (barua kwamba ofisi yake haina pingamizi) kutoka kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi wa serikali, ndipo twende mahakamani kuomba usimamizi wa mali ya mzee.

Waliopitia haya, nisaidieni: kazi za wateja zinaweza kumaliziwa tukiwa bado tunasubiri? Na daftari lake la madeni, akae nalo nani?