Tupeane uzoefu: kifaa gani cha pikipiki kilikugeuka ukiwa uwanja wa mbio?

Nyoka_wa_Lami
Wakuu salaam. Jana usiku nilikuwa Dubai Autodrome, pembeni yangu kijana mgeni anakaguliwa pikipiki. Mkaguzi kapiga magoti na tochi, anatafuta waya wa kufungia nati ya kumwagia oili. Waya hakuna. Kijana kakataliwa kuingia, kanuna: "Nati nimeikaza mwenyewe!" Nikamkumbuka jamaa aliyekuwa mbele yangu msimu uliopita. Nati hiyo hiyo ilichomoka katikati ya mzunguko, oili yote ikamwagikia tairi lake la nyuma. Yeye chini, wawili waliomfuata chini, na sisi wengine tumepaki tunaangalia watu wakimwaga unga wa kufyonza oili na kufagia lami. Haya, kila mtu alete yake.

GiaYaSita
Nimekaa siti ya mbele.

MkaziWaThika
Mimi ni cheni. Haikukatika, ilikazwa kupita kiasi. Fundi alizoea Boxer, akaona cheni ya Suzuki yangu, GSX-R, inacheza, akaikaza hadi ikanyooka kabisa. Sasa ukiikalia na shokapu ya nyuma ikashuka, cheni haina pa kwenda. Pale Whistling Morans, Athi River, kila nikitoka kona na kufungua mafuta nasikia mlio kwenye sproketi ya mbele. Siku ile ile sili ya shafti ikaanza kuvuja. Cheni lazima icheze, wadau, na milimita zake zimeandikwa kwenye stika ya swingamu, ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma.

GiaYaSita
Mafundi wa "hii naijua" watatumaliza.

Mtoto_wa_Chumbageni
Uzi huu umenitonesha kidonda. Niko Uingereza, nina Honda CBR600RR. Kabla ya siku ya kuikimbiza uwanjani niliipeleka gereji moja, jina naliacha, nikalipia sevisi kamili. Risiti inasema wazi: mafuta ya breki yamebadilishwa.

Uwanja wenyewe ni Brands Hatch, mnaoijua mnaijua. Kwa wasioijua: ukitoka mstari wa kuanzia unapanda kidogo, halafu kona ya kwanza, Paddock Hill, inakunja kulia huku lami inaporomoka chini yako. Breki unashika kabla mlima haujaisha, kona yenyewe bado huioni vizuri. Asubuhi ilikuwa safi kabisa. Mchana jua likawaka, kundi letu likaitwa, nikawa nazunguka na watu wenye kasi. Pale Druids, kona ya pili, nikahisi mkono wa breki umelainika kidogo. Baada ya Druids hakuna breki kali mpaka urudi mwanzo, kwa hiyo sikupata nafasi ya kujua zaidi.

Naupanda ule mnyoofu wa kuanzia gia ya tano, navuta breki. Mkono umekuja wote hadi ukavibana vile vidole viwili vilivyobaki kwenye mpini. Pikipiki haijapungua chochote. Nikaachia, nikavuta tena, hewa tupu. Mara ya tatu ikashika kidogo, pua ikazama nusu, ikaachia. Nikashusha gia mbili kwa mpigo, tairi la nyuma likaanza kurukaruka, na mlima ukaisha. Kulia kwangu kuna jamaa na Ducati nyekundu, kashalala kwenye kona, goti liko chini. Nikikunja namzoa. Nikainyoosha.

Changarawe za pale ni za kina. Tairi la mbele lilizama, mimi nikapita juu ya usukani, nikawa nasikia vijiwe vinagonga helmeti, mbingu, ardhi, mbingu, ardhi. Nilipotulia, glavu ya kulia imejaa vijiwe hadi ndani na kidole cha mwisho kimeelekea upande wake peke yake.

Sasa sikilizeni. Pikipiki ikarudishwa kwa gari. Nusu saa hivi, kidole kimeshafungwa, nikaenda kuuvuta ule mkono wa breki. Mgumu! Mzima kabisa! Nikajiona mwendawazimu. Mzee mmoja wa kundi la wakali akafungua kikopo cha mafuta ya breki pale kwenye pikipiki yangu, akanionyesha bila kusema kitu. Ndani rangi ya kahawa. Hayo mafuta hayakuguswa miaka.

Kwanza_Picha
Chai hii. Breki ife, halafu ifufuke yenyewe? Weka picha.

BibiSproketi
Si chai, kaka. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa taratibu, hata pikipiki ikiwa imepaki. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya 230°C. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155°C, na joto hilo kwenye kalipa, ile inayobana diski, uwanjani ni la kawaida tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, ndiyo maana mkono unaenda hadi mwisho. Yakipoa, mvuke unarudi kuwa maji na breki inakuwa ngumu tena. Alichosimulia ndivyo kilivyo.

Kwanza_Picha
Sawa mwalimu. Picha bado naidai.

Mtoto_wa_Chumbageni
Ya kidole ilifutwa na mama watoto. Na ile gereji walinijibu "mafuta hubadilika rangi."

Turbo_Temeke
Si ungeweka DOT 5 ukamaliza kazi? Namba ikiwa kubwa ndiyo bora.

BibiSproketi
Usithubutu! DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki na hayo mengine. Inayoweza kuingia kwenye mfumo wa DOT 4 ni DOT 5.1. Soma kifuniko cha kikopo, wameandika.

Turbo_Temeke
Dada na wewe unafoka. Nimeuliza tu.

Boda_Boxer150
Breki yangu ya nyuma ni brekishuu na fimbo ya chuma. Haichemki, haina risiti, inasimama Ubungo hadi Mbezi. Nyie na pesa zenu endeleeni kurushwa kwenye changarawe.

GiaYaSita
😂😂 Mtu asimjibu huyu.

Mfalme_R6
Mimi Yamaha R6 yangu ya 2006 haijawahi kunigeuka. Inapiga mizunguko 17,500 kwa dakika na injini haijafunguliwa.

MkaziWaThika
Inapiga 17,500 kwenye saa ya dashibodi, buda, sio kwenye injini. Kompyuta yake inakata 16,200. Yamaha wenyewe walikiri mwaka huo huo na wakajitolea kuzinunua tena kwa asiyeridhika.

Mfalme_R6
Wivu wa watu wa Suzuki huu.

Nyoka_wa_Lami
Wakuu, uzi ni wa vifaa vilivyogeuka. Saa ya R6 nayo tuihesabu?

Pwani_Raha
Mimi radieta. Nilikataliwa kuingia uwanjani kwa sababu ya kulanti ya kijani, eti ikimwagika inateleza kuliko maji na haikauki. Tangu hapo ni maji tupu. Wekeni maji tupu.

Mtoto_wa_Chumbageni
Ukiwa huku, usisahau kuyatoa kabla ya baridi. Jirani yangu aliyaacha, yakaganda, bloku ikapasuka gereji imefungwa na pikipiki haijatembea.

Pwani_Raha
Mombasa hakuna kuganda. Nimeshinda.

BibiSproketi
Hujashinda. Maji tupu yanaleta kutu ndani. Weka maji yaliyokenekwa (distilled) pamoja na dawa ya kuzuia kutu isiyo na glaikoli, ile inayoteleza.

Turbo_Temeke
Mimi bado nashangaa klipu moja niliyoiona, watu wanavika tairi blanketi. Blanketi la umeme! Dar joto lote hili nalo?

Nyoka_wa_Lami
Hilo blanketi linapasha hadi kama 80°C, mkuu. Jua la Dar litakufikisha huko? Tairi laini la mbio likiwa baridi, ukifungua mafuta kwenye kona ya kwanza linateleza, halafu linashika ghafla na kukurusha juu. Ukiwa na tairi la kawaida la barabarani achana na blanketi, anza taratibu tu litapata moto. Kikubwa umri wake. Ubavuni kuna namba nne kwenye kifremu kidogo, mbili za wiki, mbili za mwaka.

Turbo_Temeke
Ngoja nikaangalie la kwangu, nililipata Ilala, fundi kasema jipya.

Turbo_Temeke
0814.

MkaziWaThika
Wiki ya nane, 2014. Umepigwa.

Turbo_Temeke
Lakini kashata zote zipo! Lina hadi vile vinywele vya mpira!

Boda_Boxer150
Nauliza, unaliuza bei gani?