Ninachaguaje sketi ya ofisini na ya harusini, kwa majira ya joto na ya baridi?

Muulizaji:
Habari zenu nyote. Ninaomba ushauri kuhusu sketi. Kimo changu ni sentimita 158, kiuno changu ni chembamba na nyonga zangu ni pana, na kwa sababu hiyo sketi nyingi ninazojaribu hunitosha nyonga zikapwaya kiunoni, au hunikaa vizuri kiunoni zikanibana nyonga hadi mifuko ikafunguka kama masikio. Ninahitaji sketi ya kuvaa ofisini, ambako ninakaa kitini kwa saa nyingi, na nyingine ya harusi. Kwa zote mbili ningependa kujua vitambaa vinavyofaa wakati wa joto na vinavyofaa wakati wa baridi. Sipendi kabisa nguo ninayopaswa kuivutavuta kila ninaponyanyuka. Je, nianze na umbo, urefu au kitambaa?

Fundi Cherehani:
Dada, kabla ya hayo yote matatu, anza na nyonga. Chagua sketi inayokutosha nyonga bila kubana, kisha kiuno kipunguzwe. Kupunguza kiuno ni kazi ndogo: fundi anafumua mkanda, anaingiza ndani mishono ya pembeni na ya nyuma, kisha anaurudishia mkanda mahali pake. Kuongeza nyonga ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa kunategemea akiba ya kitambaa iliyoachwa ndani ya mshono, na sketi zinazoshonwa kwa wingi viwandani huachiwa akiba ndogo sana.

Unapojipima, pitisha futi kamba mahali ambapo nyonga zimetanuka zaidi, ambapo kwa wengi ni kama sentimita 20 chini ya kiuno. Jipime ukiwa umesimama, kisha ujipime tena ukiwa umekaa. Utaona kwamba kipimo cha kukaa ni kikubwa zaidi, na kwa mtu anayefanya kazi kitini hicho ndicho cha kuzingatia, kwa sababu sketi iliyokatwa kwa kipimo cha kusimama peke yake itapanda mapajani mara tu utakapoketi.

Kuhusu umbo, ninakushauri lile la herufi A, ambalo jina lake lilipata umaarufu kutokana na mavazi ya mbunifu Mfaransa Christian Dior ya mwaka 1955. Sketi ya namna hiyo hukaa sawasawa kiunoni na hutanuka taratibu kuelekea chini, kwa hiyo kitambaa hupita juu ya nyonga bila kung'ang'ania, na unaweza kutembea kwa hatua zako za kawaida.

Urefu usiuchague kwa kuangalia namba. Simama mbele ya kioo ukiwa umevaa viatu utakavyovitumia, shikilia kipande cha kitambaa mbele ya miguu, kisha kipandishe na kukishusha polepole. Pindo likiishia pale ambapo misuli ya nyuma ya mguu imejaa zaidi, mguu huonekana mnene na mfupi. Likiishia chini kidogo ya goti, au likashuka hadi pale mguu unapoanza kuwa mwembamba juu ya kifundo, mguu huonekana mrefu zaidi. Kwa kimo chako, tofauti ya sentimita 3 au 4 inaonekana wazi kabisa.

Mpenda Marinda:
Ninakubaliana na Fundi kuhusu vipimo, lakini naomba nitofautiane naye kuhusu umbo. Mwenye kiuno chembamba na nyonga pana hana sababu ya kuikwepa sketi ya kubana, maana ni yeye hasa ambaye sketi hiyo inaonyesha umbo lake vizuri. Kinachoharibu ni kitambaa chepesi kisicho na bitana, kwa kuwa huonyesha kila mshono wa nguo ya ndani na hupata makunyanzi ya mlalo usawa wa kinena kila unapoketi. Tafuta kitambaa chenye uzito kiasi na kinachovutika kidogo, chenye bitana inayoteleza, na uhakikishe kwamba kuna mpasuo nyuma. Kabla ya kuamua, keti, pandisha ngazi, kisha uiname. Ikiwa zipu imehama kutoka mahali pake, hiyo si saizi yako.

Marinda nayo ninayapenda sana, ila kwako yawe yale yaliyoshonewa chini kuanzia kiunoni hadi kwenye nyonga, ndipo yaachiwe. Marinda yanayofumuka moja kwa moja kutoka kwenye mkanda hukusanya kitambaa mahali ambapo tayari una mwili wa kutosha. Kumbuka pia kwamba marinda yaliyolaliana kikamilifu hutumia kitambaa chenye upana unaokaribia mara tatu ya kipimo chako: kwa nyonga za sentimita 100 utahitaji karibu mita 3, na uzito wote huo utauhisi kiunoni.

Wakati wa joto, vaa pamba au kitani, kwa kuwa hufyonza jasho na kuruhusu hewa ipite. Kitani hukunjamana upesi, kwa hiyo kwa ofisini ni bora kiwe kizito kiasi au kilichochanganywa na nyuzi nyingine. Polista tupu inakunjamana kidogo, lakini haifyonzi jasho, na siku ya joto utajuta. Wakati wa baridi hakuna kinachoishinda sufu, mradi iwe na bitana, kwa sababu bila bitana itanasa kwenye soksi ndefu na kupanda juu unapotembea.

Muulizaji:
Nawashukuru sana wote wawili. Kwa ofisini nimeshaelewa. Kwa harusi nimevutiwa na sketi ndefu ya satini iliyokatwa mshazari, ile inayoanguka kama maji. Je, itanifaa?

Fundi Cherehani:
Itakufaa, dada, ikiwa itakatwa kwa nafasi. Kitambaa kinapokatwa mshazari, nyuzi zake hazishuki wima bali hukaa kwa pembe ya nyuzi 45, na ndiyo maana huvutika na kufuata mwili hata kama hakina mpira ndani yake. Mbunifu Madeleine Vionnet wa Ufaransa alijulikana kwa ukataji huo katika miaka ya 1920 na 1930. Kwa nyonga pana, usikubali sketi hiyo ikukamate chini ya makalio, kwa kuwa satini inang'aa na mwanga huonyesha kila mahali palipobanwa. Ndani vaa gagulo laini lisilo na mshono mnene.

Uliza pia satini hiyo imefumwa kwa uzi gani, kwa maana satini ya hariri haikupi joto kali kama ile ya polista. Ukiamua kushonesha, mwambie fundi aitundike sketi usiku mzima kabla ya kukata pindo, kwa sababu kitambaa cha mshazari hushuka kwa uzito wake chenyewe, tena hakishuki sawasawa pande zote. Pindo likishonwa siku hiyo hiyo, baada ya muda upande mmoja utaning'inia chini kuliko mwingine, nawe italazimu uirudishe ikakatwe upya.