Hija ya Padre Pio iliyogeuzwa pikiniki ya Vieste: nimelipia watu wawili na hasira haijaisha

Wakuu habari za muda huu. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu, ila mwenye mzazi Mkatoliki anayeota kwenda Italia avute kiti.

Bi mkubwa wangu, yaani mama mzazi, ana miaka 71. Ni mama wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) damu damu, na chumbani kwake picha ya Padre Pio, yule mtakatifu wa Italia, imetundikwa juu ya picha ya harusi yake mwenyewe. Nikajipiga kifua nimpeleke San Giovanni Rotondo, mji wa Padre Pio, akaone kaburi lake kabla magoti hayajagoma. Nikakutana na tangazo kwenye grupu la WhatsApp: "Hija na Fukwe za Gargano". Bango lina majabali meupe yamesimama katikati ya bahari, na juu yake wamebandika uso wa Padre Pio anatabasamu, utadhani akitoka kuadhimisha misa anavua makubazi anaingia majini. Nililipa milioni 9 na laki 8 kwa kichwa. Vichwa viwili, pigeni hesabu wenyewe.

Jina la wakala siweki, na msiniombe PM. Sheria za mtandao mnazijua, na mimi nina watoto wanasoma.

Sasa jambo ambalo bango halikusema, na mimi mjinga sikufungua ramani. Gargano ni kile kichomozo kilicho nyuma ya buti la Italia, juu kidogo ya kisigino, mkoani Puglia. Huo ni mlima uliojiingiza baharini. Miji ya fukwe kama Vieste na Peschici iko huko kwenye ncha. San Giovanni Rotondo iko upande wa bara, mlimani, zaidi ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, na hata harufu ya chumvi hakuna. Kati yao kuna barabara ya kona juu ya kona, ukienda vizuri saa moja na nusu na zaidi. Sasa nambie, watu waliojiita wa hija walilazwa wapi? Vieste. Usiku mitatu.

Mimi nakaa Tanga. Bahari naiona kila asubuhi nikienda kazini bila kulipa senti. Mama ni mzaliwa wa Kibosho, kule Kilimanjaro, bahari kwake ni maji mengi yasiyonyweka. Sisi wawili tukavushwa mabara kwenda kukodishiwa mwavuli.

Maana ule ufukwe ukifika unakuta umekatwa vipande vipande, kila kipande na mwenye leseni yake. Miavuli imepangwa mistari kama viti vya harusi, rangi moja, nafasi ya kupitisha miguu tu. Kiongozi wa msafara, kijana mmoja wa miwani ya jua muda wote mpaka mezani, akatuambia kukanyaga mchanga ni yuro 30 kwa mwavuli na vitanda viwili, haikuwa kwenye pakeji. Nikalipa. Jioni sista mmoja tuliyekuwa naye, aliwahi kusoma Roma miaka ya nyuma, ananiambia sheria yao ya tangu mwishoni mwa 2006 inamlazimu mwenye leseni kukuacha upite bure kwenda majini, unacholipia ni kitanda na kivuli. Na kuna vipande vya bure kabisa pembeni. Sista alijua. Kiongozi tuliyemlipa ajue, hakujua.

Nisiwe mwongo, Vieste ni pazuri. Lile jabali la Pizzomunno limesimama peke yake mchangani, jeupe, urefu wa mita 25 hivi, na wenyeji wanasimulia kwamba ni kijana mvuvi aliyegeuzwa jiwe kwa ajili ya mapenzi. Halafu kuna ile mitambo ya kuvulia wanaiita trabucchi, mbao zimefungwa kwenye mwamba, magogo marefu yametoka kama miguu ya buibui na wavu mkubwa unaning'inia chini. Mvuvi anashusha wavu, anasubiri kundi la samaki lipite, anauvuta juu, hahitaji hata ngalawa. Pale nilisimama nusu saa nzima, mtu wa pwani ni mtu wa pwani tu. Lakini ningetaka trabucchi ningekwenda peke yangu na begi la mgongoni. Mama alikuwa amekaa kwenye ukuta nyuma yangu, rozari mkononi, ananiuliza kwa upole, "Mwanangu, kwa Padre Pio ni kesho?"

Kesho yenyewe sasa. Siku moja, sehemu mbili za hija. Ratiba ilisema tunaondoka saa moja asubuhi. Tumeondoka saa nne, kwa sababu kiongozi na wenzake wawili walikesha. Ile barabara ya kuelekea Mattinata inapita juu ya genge, misonobari huku, bahari kule chini, na basi linakata kona kama nyoka. Mama alitapika mara tatu kwenye mfuko wa duka. Kiongozi alikuwa mbele anapiga video.

Tumefika Monte Sant'Angelo saa sita na robo. Huu ni mji wa Malaika Mkuu Mikaeli, mapokeo yanasema alitokea hapo mwishoni mwa karne ya 5 na kwamba lile pango aliliweka wakfu yeye mwenyewe, hakuhitajika askofu. UNESCO wameliingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2011. Mlangoni kuna maneno ya Kilatini, sista akayasoma, na mama akamalizia kwa Kiswahili kabla hajatafsiriwa: mahali hapa panatisha kama nini, hapa ni nyumba ya Mungu. Yale ya Yakobo. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona anacheka safari nzima.

Halafu zikaja ngazi. Ngazi 86 za mawe kushuka kwenda pangoni, na hizo hizo kupanda. Nilipokuwa nalipia niliuliza mara mbili, "Mama ana magoti, kuna shida?" Nikajibiwa "hakuna shida kaka, kila kitu kimezingatiwa". Kilichozingatiwa ni bega langu. Tulishuka hatua kwa hatua, tunapumzika kila kona, mpaka kwenye ile milango ya shaba iliyofuliwa Konstantinopoli mwaka 1076. Mama akaweka kiganja juu yake, akakaa hivyo muda. Ndani kuna baridi ya mwamba, na hatukuwa na hata khanga ya kujifunika maana tuliambiwa tubebe nguo za ufukweni.

Tulipotoka nikatafuta dawa ya kichefuchefu. Famasi imefungwa, ni mchana, kule kusini mchana watu wanalala, maduka yanafunguliwa tena jioni. Hili nalo si ndilo kazi ya kiongozi kulijua? Nikamnunulia mama kitu cha mji ule, lozi na asali katikati ya hostia mbili, ule mkate mwembamba kama wa komunyo. Alizitazama zile hostia, akanitazama mimi, akauliza kama padre anajua. Hakula. Amezifunga kwenye leso, anazo mpaka leo.

San Giovanni Rotondo tumeingia saa tisa kasoro, kiongozi akatangaza tunaondoka saa kumi kamili kwa sababu dereva amekodiwa mpaka jioni na ikizidi analipwa zaidi. Saa moja! Padre Pio aliishi pale tangu 1916 mpaka alipofariki Septemba 1968. Kuna kanisa dogo la zamani lenye msalaba aliokuwa mbele yake alipopata madonda kama ya Yesu msalabani mwaka 1918. Kuna hospitali aliyoianzisha yeye, ilifunguliwa 1956 na inatibu watu mpaka leo. Kuna njia ya msalaba inayopanda kilimani. Kuna kanisa jipya alilochora Renzo Piano, lilizinduliwa 2004, na chini yake ndipo mwili ulipo, ukutani dhahabu tupu. Hayo yote uyamalize ndani ya dakika 60 na mzee wa miaka 71 aliyetapika asubuhi?

Mama alikuwa na daftari. La mistari, lile la kurasa 48 la shule. Jumuiya nzima wamemwandikia majina 43 na kila mtu ombi lake: mtoto apate ajira, goti, kesi ya shamba, mimba isitoke. Aliwaahidi kuwasoma mmoja mmoja mbele ya kaburi. Foleni peke yake ilikula nusu saa. Akapiga magoti kwa shida, akafungua daftari, akaanza kwa sauti ya chini, anaweka kidole chini ya kila jina. Amefika la 11, naguswa bega. Miwani ya jua, ndani ya kanisa. "Kaka, basi linaondoka."

NYONGEZA: Mnaosema "ungeenda mwenyewe", kweli, na wenye nia ndivyo mfanye. Panda treni Roma mpaka Foggia, kama saa 3, kisha basi la kupanda San Giovanni Rotondo, ni kilomita 40 hivi. Lala hapo hapo, hoteli za mahujaji zimejaa mtaa mzima. Monte Sant'Angelo ni kilomita 25 tu kutoka hapo. Vieste waachieni wenye fungate.

NYONGEZA 2: Wakala amenijibu leo. Anasema hija "ilifanyika kama ilivyoainishwa" na kwamba naweza kupewa punguzo la asilimia 10 safari ijayo. Jumamosi jumuiya inakutana nyumbani kwetu. Wamebaki watu 32 kwenye lile daftari, na mama ananiuliza aanze kumwambia nani.