Re: Re: Dibba – mama amehesabiwa ametoka au hajatoka?

Kutoka: Mama Nasra, Sharjah

Assalaam aleikum jamaa. Wenye uzoefu naomba msaada wa haraka.

Mama yuko kwangu tangu mwezi uliopita, viza ya matembezi siku 60, kuingia mara moja. Ijumaa tukasema tumpeleke Dibba, mji wa pwani uliopo mpakani mwa Emirates na Oman, apumue, maana amechoka na lifti na AC. Ofisi moja ya kutaipu hapa mtaani, hawa wanaojaza fomu za viza na safari, wakasema hakuna neno, Dibba ni Dibba, wakachukua dirhamu 250 wakatupa karatasi ya kupandia jahazi upande wa Oman. Tumefika mpakani, askari kijana, mpole, kachukua pasi na ID zetu zote, kazipitisha kwenye mashine. Kisha akamtazama mama, akaniambia dada, huyu akitoka hapa viza yake imekwisha, kurudi ni kwa viza mpya. Nikamwambia basi, turudishie. Akarudisha, akampa mama tende, tukageuza gari. Muhuri haukugongwa.

Swali langu ni moja: pasi ya mama ilishapita kwenye mashine. Amehesabiwa ametoka au hajatoka? Viza inaisha tarehe 9 na faini ya kuzidisha ni dirhamu 50 kwa siku. Ofisi ya kutaipu hawapokei simu.

Kutoka: Mzee wa Toronto

Pole dada. Lakini hapo Dibba mpaka umetoka wapi? Nimekaa Deira, Dubai, toka 1991 mpaka 2003, kila Ijumaa tulikuwa tunapakia jiko na mishikaki tunapita hivi hivi. Ulikuwa unajua umeingia Oman kwa kuona namba za magari zimebadilika. Nadhani umekosea njia.

Kutoka: Bin Pate, Abu Dhabi

Mzee, kwa heshima zako zote, usimpotoshe dada wa watu kwa habari za 2003. Watoto waliozaliwa mwaka huo sasa wana mulkiya zao, kadi za magari.

Tuelewane kwanza maana kila mwaka suala hili linarudi. Dibba ni mji mmoja wenye wenyewe watatu. Kuna Dibba Al Fujairah. Kuna Dibba Al Hisn, ambayo ni ya Sharjah. Na kuna Dibba Al Baya, hiyo ni Oman, mkoa wa Musandam. Ghuba moja, milima ile ile ya Hajar nyuma yake, na ukitembea ufukweni hujui umetoka kwa nani umeingia kwa nani. Mbili za kwanza unakwenda utakavyo. Ya tatu ni nchi nyingine, na mwenye viza ya kuingia mara moja asiikaribie. Ofisi ya kutaipu ingeuliza swali hilo kabla ya kuchukua pesa.

Kutoka: Dereva wa Mussafah

Dada pole sana. Gari ni la nani? Kama mulkiya ni ya kampuni lazima uwe na NOC, barua ya ruhusa ya mwenye gari, na bima iwe imeandikwa Oman. Mimi 2019 nilirudishwa mpaka wa Khatmat Malaha, ule wa kutokea Kalba ya Sharjah kwenda Sohar ya Oman, sababu ya bima tu. Nilikuwa na abiria wanne wanaenda harusi, mmoja ni bwana harusi! Tukamvukisha kwa miguu, akadandia gari la mkaa hadi Sohar. Kanzu nyeupe iliingia ukumbini kama ya fundi makenika.

Kutoka: Mama Nasra, Sharjah

Shukran nyote. Gari ni la mume wangu, bima ya Oman ipo. Hilo halikuwa tatizo. Tatizo ni mama. Je, mashine ikishasoma pasi, ndiyo ameshatoka?

Kutoka: Dereva wa Mussafah

Angalia kwenye programu ya simu ya kuangalia viza, andika namba ya pasi. Ikisema "Active", yaani viza bado hai, uko sawa. Lakini hapo pia usiamini sana. Binamu yangu aliona "Active" mpaka siku ya safari, kufika kaunta akaambiwa ana faini ya siku kumi na moja. Tulichanga saa tano usiku.

Kutoka: Bi Mkubwa, Seeb

Mwanangu Mama Nasra, msalimie mama, mwambie shikamoo yangu imfikie, na pole kwa kukatizwa matembezi yake. Hivyo vijana wanampeleka mtu mzima akapande jahazi Musandam afanye nini? Mawe matupu, mbuzi, na jua. Pazuri ndiyo, yale maji yameingia kati ya milima kama mkono ndani ya shati, lakini hapana pa kukaa mtu ukapiga soga. Mngemleta huku kwetu kwa ndege na viza yake ya Oman, nikampeleka Mirbat.

Mirbat iko mbele ya Salalah, mji umelala kabisa. Nyumba za zamani za matajiri, dirisha za mbao zilizochongwa, ukiziona utadhani uko Malindi ya Unguja, isipokuwa hizi zinaanguka na hapana mtu wa kuzisimamia. Wavuvi wanatengeneza nyavu, hawakuulizi umetoka wapi. Nyuma yake mlima wa Jabal Samhan. Siku za kharifu, Juni mpaka Septemba, milima ya Dhofar inageuka kijani, ukungu, manyunyu, ng'ombe na ngamia barabarani. Mwaka juzi nilisimama pale nikalia, nikamwambia mwanangu hii harufu ya udongo ni ya Dole, kwetu Unguja. Akanambia mama, mimi Dole sijapaona. Ndo hivyo. Sisi tulikuja huku baada ya 1970 Sultani Qaboos aliposhika nchi, tukaambiwa rudini kwenu. Kwetu wapi? Wallahi mpaka leo naota naenda sokoni Darajani na kikapu.

Kutoka: Bin Pate, Abu Dhabi

Bi Mkubwa umenigusa. Na umesahau jambo kubwa la Mirbat: amelazwa pale Imamu Muhammad bin Ali, Sahib Mirbat, aliyefariki mwaka 556 Hijria, yaani 1161. Masharifu wote wa Ba Alawi mnaowajua, wa Lamu, Unguja na Ngazija, wakihesabu nasaba wanapita kwake. Habib Saleh wa msikiti wa Riyadha pale Lamu, yule wa maulidi, ukipanda naye shajara utafika kwenye kaburi lile lenye kuba mbili. Nimezuru 2017. Mlinzi aliponisikia nazungumza na mke wangu akaniuliza, "Sawahil?" Akatuletea kahawa.

Kutoka: Mzee wa Toronto

Mimi sijasema hakuna mpaka LEO, nimesema wakati wetu. Watu wasome kabla ya kujibu. Na Mirbat kutoka Masqat ni zaidi ya kilomita elfu, mama wa watu atafika amekauka. Dada, mpeleke Khor Fakkan. Milima ipo, bahari ipo, uko ndani ya Sharjah hiyo hiyo, hakuna askari wala karatasi. Wakati wetu tulizunguka kwa Masafi nusu siku.

Kutoka: Bin Pate, Abu Dhabi

Kwa hilo nakubaliana naye, ajabu. Tangu 2019 iko barabara mpya kutoka Sharjah, imetoboa milima kwa mahandaki matano, unaingia gizani unatoka kwenye mwanga mara tano kisha bahari hiyo hapo. Pitieni bwawa la Al Rafisah mama ale chapati na chai ya maziwa. Mkiwa na nafasi endeleeni kaskazini mpaka Al Badiyah, msikiti mdogo wa udongo na mawe, nguzo moja katikati na kuba nne, wanauhesabu toka 1446. Rakaa mbili pale zina utulivu wake. Lakini mawingu yakifunga milimani msiingie kwenye wadi, mabonde ya mito mikavu, hata kama mnaona pakavu. Mnaikumbuka Julai 2022, Fujairah na Kalba magari yalivyoelea.

Kutoka: Dereva wa Mussafah

Mimi naona shida yote ni pasipoti zetu. Angekuwa na ile nyekundu ya Ulaya angeulizwa? Sisi Wakenya angalau katiba ya 2010 ilituruhusu uraia pacha. Nyinyi Watanzania mnapewa "hadhi maalumu", sijui ni kama kadi ya kuingilia harusi bila kula.

Kutoka: Bi Mkubwa, Seeb

Wewe kijana usinianzie. Uraia wangu mimi ulichukuliwa 1964 usiku mmoja, sikuulizwa pacha wala mmoja.

Kutoka: Mzee wa Toronto

Bi Mkubwa, na hiyo 1964 ina pande mbili, tusisahau waliokuwa wakilima hayo mashamba ya karafuu

Kutoka: Msimamizi

HAPANA. Tulikubaliana 1964 haijadiliwi hapa baada ya yale ya Ramadhani. Nimefuta barua tatu. Rudini kwenye viza ya mama.

Kutoka: Mama Nasra, Sharjah

Ahsanteni. Nimeangalia kwenye programu, imeandika "Active". Baada ya habari ya binamu yake Dereva sijalala vizuri.

Jumamosi tulikwenda Khor Fakkan. Mama alikaa ufukweni miguu ndani ya maji, kaitazama milima muda mrefu, akasema hii ni Usambara iliyonyolewa. Kisha akataka afike hiyo Dibba aliyonyimwa, basi tukampeleka hadi Dibba Al Hisn, tukaishia hapo. Soko la samaki lilimrudishia miaka ishirini. Akamkuta muuzaji wa *maleh*, samaki wa chumvi wa kwenye mtungi, akafungua, akanusa, akasema ng'onda huyu! Wakaelewana bei kwa vidole, yeye Kidigo, muuzaji Kimalabari. Amenunua mitungi mitatu ya kupeleka Tanga.

Bado nauliza lile swali langu.

Kutoka: Bi Mkubwa, Seeb

Mitungi mitatu! Ndani ya ndege? Mwanangu, itapasuka. Mwambie aitoe chumvi, aifunge kwa nailoni mara nne na katikati aweke khanga kuukuu. Mimi nilipeleka papa Unguja 2015, nguo zangu zote zilinuka mpaka arobaini ya dada yangu.

Kutoka: Dereva wa Mussafah

Inategemea ndege gani. Kuna moja walinizuia na dagaa kilo mbili tu. Mama ana kilo ngapi, 30 au 40?

Kutoka: Mzee wa Toronto

Hivi yule Mlabari wa chai pale kona ya soko la Hisn, mwenye jicho moja, bado yupo?