Silingi bodi ya sebuleni imeshuka tumbo, fundi anataka kupiga jipsamu kwa chini. Naomba ushauri wa haraka

Mkazi wa Kibada
Wakuu, habari za jioni. Nipo Kigamboni, nyumba ya vyumba vitatu, nimehamia 2019. Silingi bodi ya sebuleni imeshuka katikati, ukisimama mlangoni unaliona tumbo kabisa. Kuna doa la rangi ya chai, lilianza kama sahani, sasa limefika sinia la pilau. Pale bodi mbili zinapokutana pameachia, kidole kinaingia. Fundi amekuja kuangalia, anasema tusihangaike kuibandua, atapiga jipsamu mpya kwa chini, siku mbili kazi imeisha. Naomba kujua tu: jipsamu ya milimita 9 au 12? Na rangi ipi haitaruhusu doa lirudi? Jumamosi nina ugeni mkubwa, muda sina.

Mama Salha
Pole baba. Mimi jipsamu nilishaachana nayo, jiko na korido nimeweka zile za plastiki, nafuta kwa kitambaa na sabuni basi. Mwaka wa tatu huu hazijabadilika rangi. Tafuta hizo.

Mjukuu wa Korogwe
Doa la rangi ya chai? Kaangalie popo kwanza. Kwa marehemu babu tulipaka rangi mara nne, doa linarudi na harufu juu. Siku tulipofungua dari kinyesi kilijaa debe mbili. Na usipande bila barakoa, vumbi la kinyesi cha popo linaleta ugonjwa wa mapafu. Mjomba alipanda na fulana tu, akakohoa mwezi mzima.

Fundi Kenchi
Kabla ya jipsamu nijibu hili. Doa linakua siku za mvua tu, au hata jua likiwaka? Kama hujui, chukua penseli, chora ukingo wa doa usiku huu, andika tarehe pembeni. Kesho jioni angalia kama limevuka mstari.

Mkazi wa Kibada
Mvua huku ina wiki tatu haijanyesha na doa limeongezeka. Ila popo hakuna. Darini hakuna kitu.

Fundi Kenchi
Basi si bati, angalau si bati peke yake. Doa linalokua wakati wa kiangazi lina maji yanayokuja kila siku: bomba, hita, mfereji wa kiyoyozi. Kipi kati ya hivyo kinapita juu ya sebule?

Mkazi wa Kibada
Kuna bomba moja, la nusu inchi.

Fundi Kenchi
Linatoka wapi?

Mjomba wa Tandika
Nyumba nyingi za siku hizi zimejengwa na mafundi wa kuokota kijiweni. Mtu ana milioni ishirini za kiwanja, fundi anamtafuta wa elfu kumi na tano. Rahisi inavyogharimu tunaiona humu kila wiki. Zamani tulikaa nyumba za serikali zenye paa la asbesto, tukiambiwa hata msumari usiguse pale juu, tulitii, na hadi leo tupo.

Mkazi wa Kibada
Wakuu, nisamehewe, sikuona kama lina uhusiano. Darini kuna tenki la lita 500, niliweka mwaka jana. Naomba mnielewe. La nje liliibiwa usiku, lilikuwa limejaa na bado wakalimwaga wakaondoka nalo. Mnara wa zege nilipigiwa hesabu nikashindwa. Maji kwetu yanatoka mara mbili kwa wiki, nina watoto wadogo na bibi yangu mgonjwa, siwezi kukaa bila akiba. Fundi alinihakikishia kenchi zangu, yaani zile fremu za mbao zinazobeba paa, ni mbao za dawa, zinabeba. Na wa jipsamu nimeshampa laki nne ya kuanzia. Kwa hiyo tujadili jipsamu tafadhali.

Fundi Kenchi
Ndugu yangu, lita 500 za maji ni kilo 500, tenki lenyewe hujaweka. Ni watu wazima sita au saba wamekaa juu ya sebule yako usiku na mchana. Kenchi ya nyumba ya kawaida hupangwa kubeba bati, upepo na silingi bodi. Dawa ya mbao inazuia mchwa, haiongezi nguvu. Halafu bodi moja ya jipsamu ya milimita 12, futi 4 kwa 8, ina zaidi ya kilo 20. Sebule inakula nane au kumi. Unataka kuzining'iniza kwenye mbao hizo hizo zilizolemewa?

Penda Ukweli
Jamani, hii chai. Mlango wa dari nyumba zetu ni futi mbili kwa mbili, tenki la lita 500 halipiti hapo. Hata likipita, katikati ya kenchi kuna mbao za mshazari, litakaa wapi? Na akaunti ina siku mbili. Mara hakuna kitu darini, mara bomba, mara tenki. Watu wanatoa ushauri wa bure hapa, tusifanywe wajinga.

Binti Mkunazini
Na mimi nilihisi. Leta picha.

Mjukuu wa Korogwe
Kama ni chai basi ina tangawizi. Picha, mkuu.

Mkazi wa Kibada
Sijaja kutunga hadithi. Nimejiunga juzi kwa sababu juzi ndiyo nilisikia mlio darini saa nane usiku nikashindwa kulala. Tenki halikupita mlangoni. Tulifumua bati mbili, likaingizwa kwa juu kwa kamba, bati zikarudishwa kwa misumari ile ile. Na hizo mbao za mshazari ni kweli zilizuia. Fundi alizikata, kwenye kenchi mbili. Alisema hazina kazi kubwa.

Fundi Kenchi
Acha kila kitu, soma hapa. Hizo mbao ndizo zinazoifanya kenchi iwe kenchi. Ukizikata, ile ya chini inabaki kama ubao uliolazwa juu ya kuta mbili, na wewe umeuwekea nusu tani. Tumbo unaloliona si la silingi bodi, ni kenchi inashuka na kuiburuta bodi. Bomba nalo limevutwa likaachia kwenye kiungo, ndiyo doa.

Usiku huu: toa watu wote sebuleni, na chumba kilichopakana nayo. Zima swichi kuu, maji na waya wa taa vipo pamoja pale juu. Funga bomba linaloingiza, fungua mabomba yote ya ndani tenki liishe. Usipande darini wala usiruhusu mtu apande.

Mkazi wa Kibada
Mkuu, Jumamosi ndiyo wanaleta barua ya mdogo wangu wa kike. Watu thelathini. Sebule ndiyo sehemu pekee. Nilifikiri nifunike tu wageni wapite, halafu nirudi kwenye tenki mwezi ujao.

Mama Salha
Baba, wageni thelathini chini ya hiyo? Barua inapokelewa hata uani chini ya mwembe. Weka turubai na mikeka, tandika vizuri, wakwe watakula pilau na watashukuru. Bibi analala wapi?

Mkazi wa Kibada
Mchana anashinda kwenye kochi la sebuleni, chini ya doa hasa. Ndipo feni inapofika.

Penda Ukweli
Ndugu, nimekukosea, nisamehe. Mhamishe bibi sasa hivi, ushauri mwingine baadaye.

Mkazi wa Kibada
Saa sita kasoro. Bibi yuko chumba cha watoto, wa upande wa pili. Umeme nimezima, natumia tochi. Mabomba yote yako wazi, mke wangu amejaza ndoo, madumu na beseni la mtoto, mengine anafulia mapazia gizani. Tenki lilipofika kama nusu juu pamelia kwa nguvu, mtoto akaamka. Nimesimama mlangoni, naona ufa wa bodi umepungua, kidole hakiingii tena. Jirani anajenga, amenipa mirunda mitatu. Niisimamishe wapi?

Fundi Kenchi
Ufa kupungua kunaonyesha mbao zimepumua, lakini hazijapona. Mrunda usiegemeze kwenye silingi bodi, bodi haibebi chochote. Na usiingie sasa. Subiri tenki likauke na kuche, uwe na fundi mwingine, si huyo. Atatoa kipande cha bodi pembeni ya tumbo, mrunda ushike mbao ya chini ya kenchi yenyewe, na chini sakafuni uweke ubao mpana. Ndipo tenki litoke kwa njia lililoingilia, mbao zilizokatwa ziunganishwe kwa vipande viwili, huku na huku, kwa bolti. Bati zikirudi, misumari mipya yenye mpira, maana matundu ya zamani yatakuvujia masika. Silingi bodi ni ya mwisho, na kabla ya rangi ya maji pakaa koti moja la rangi ya mafuta juu ya doa likishakauka.

Mkazi wa Kibada
Nimeelewa. Fundi wa jipsamu nimemtumia ujumbe asije. Kuhusu ile laki nne hajajibu.

Mama Salha
Turubai ninalo, nipo Mbagala. Nitumie ujumbe faraghani tupange la kulivusha.